Vifaa vya kutuliza maumivu ya goti nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu goti linalouma kwa miezi au miaka, hasa lile la kusagika kwa kiungo, ambalo huwapata zaidi watu waliovuka miaka 45. Goti lililoumia jana uwanjani au kwenye ajali ya bodaboda lina habari yake nyingine, na tumeligusia pale tu inapobidi.

Vifaa ni vingi madukani. Ninunue kipi kwanza?

Fimbo ya kutembelea. Watu hawapendi jibu hili kwa sababu fimbo inawafanya waonekane wazee, lakini hakuna mashine ya nyumbani inayopunguza mzigo wa goti kwa kila hatua kama inavyofanya fimbo iliyoshikwa sawasawa. Baada ya hapo tafuta kitu cha kukandia, na mpira wa kuvutia kwa mazoezi. Mashine ya umeme, ile inayoitwa TENS, ije baada ya hivyo, na soksi ya goti kwa wale wanaohisi goti linawakatikia wakitembea.

Kama nyumbani mna choo cha kuchuchumaa, kiti cha kuwekwa juu yake kinaweza kukufaa kuliko vyote hivyo. Goti lililosagika huteseka zaidi likikunjwa mpaka mwisho huku limebeba mwili mzima.

Nitajuaje kwamba goti langu si la kutibiwa nyumbani?

Weka vifaa pembeni uende hospitali siku hiyohiyo ikiwa goti limevimba, ni jekundu au la moto na una homa. Hiyo inaweza kuwa usaha ndani ya kiungo, na kila siku inayopita inaharibu gegedu, yaani tabaka linalofunika ncha za mifupa. Nenda upesi vilevile kama kigimbi cha mguu mmoja kimevimba na kinauma, kwa sababu huenda damu imeganda kwenye mshipa. Ukikanda au kuchua mguu wa namna hiyo unajiweka hatarini.

Ukianguka au kugongwa, piga picha ya eksirei kabla ya kununua chochote ikiwa huwezi kutembea hatua nne, huwezi kukunja goti hadi nyuzi 90, unaumia ukibonyezwa pia ya goti yenyewe au kichwa cha ule mfupa mwembamba wa nje chini ya goti, au umefikisha miaka 55.

Goti lililokwama, lisilokunjuka kabisa, nalo linahitaji daktari. Mtoto anayechechemea na kulalamikia goti apimwe nyonga kwanza, maana tatizo la nyonga kwa watoto hupenda kujitokeza kama maumivu ya goti. Kwa mwenye selimundu au jongo, matibabu ya ugonjwa wenyewe yanatangulia kifaa.

Nimeambiwa ute wa magoti umeisha. Mashine itaurudisha?

Hapana. Msemo huo umeenea, lakini hauelezi kinachotokea. Ute haukauki kama oili kwenye injini. Goti lililosagika mara nyingi hata hujaa maji kuliko kawaida. Kinachopungua ni gegedu, lile tabaka imara na lenye kuteleza linalofunika ncha za mifupa, na pamoja nayo mfupa, misuli na kuta za kiungo hubadilika. Hakuna mashine ya umeme, taa, sumaku wala mtetemo inayootesha gegedu upya. Muuzaji anayekuahidi hivyo anakuambia pia jinsi ya kupima maneno yake mengine.

TENS ni nini hasa?

Ni kisanduku kidogo cha betri chenye nyaya mbili au nne na vibandiko vya kunata. Hupitisha mapigo madogo ya umeme kwenye ngozi. Msingi wake ni nadharia ya lango la maumivu, iliyotolewa na Ronald Melzack na Patrick Wall mwaka 1965: neva nene zinazobeba hisia za kuguswa zikishughulishwa, uti wa mgongo hupunguza ujumbe wa maumivu unaopita kuelekea kwenye ubongo. Ukijigonga kiwiko unakisugua bila kufikiri; TENS hufanya kazi hiyo ya kusugua kwa nusu saa bila kuchoka.

Nafuu hupatikana zaidi mashine ikiwa imewashwa, kisha hubaki kwa muda baada ya kuizima. Kwa hiyo anayejibandika, akalala kwenye kochi dakika 40, akaitoa na kuendelea kukaa, ameipoteza sehemu kubwa ya faida. Muda wa nafuu ndio wa kutembea na kufanya mazoezi.

Wataalamu wanaikubali?

Hawaipi nafasi ya mbele. Mwongozo wa mwaka 2019 wa Chuo cha Marekani cha Rheumatolojia, yaani chama cha wataalamu wa magonjwa ya viungo, unashauri kwa nguvu TENS isitumiwe kwa goti lililosagika, na ule wa mwaka 2022 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unasema isitolewe kwa kuwa ushahidi wa faida hautoshi. Miongozo yote miwili inaweka mazoezi na kupunguza uzito mbele.

Kwa nini basi tuieleze kwa urefu? Kwa sababu tayari imejaa madukani na majumbani, wapo wanaopata nafuu ya muda kwayo, na ikitumiwa vizuri haina madhara makubwa. Ikitumiwa vibaya inaunguza ngozi au inafanya mtu aache kilicho bora. Usikope pesa kuinunua.

Nani asiitumie kabisa?

Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kifuani, isipokuwa daktari wake wa moyo ameruhusu. Usiweke vibandiko juu ya mshipa unaodhaniwa kuwa na damu iliyoganda, juu ya uvimbe wa saratani, penye kidonda au upele, wala penye ganzi. Ganzi ndiyo inayosahauliwa sana: mtu mwenye kisukari cha miaka mingi anaweza asihisi umeme, akaendelea kuongeza mpaka ngozi inaungua. Mjaribu kwanza kwa kumgusa kuzunguka goti, mara kwa pamba, mara kwa ncha butu, akiwa amefumba macho. Asipotofautisha, TENS si yake, na vya moto na barafu pia si vyake.

Mjamzito na mwenye kifafa wamuulize daktari kwanza. Usiitumie ukiendesha gari, ukioga, au ukiwa umelala usingizi. Usijibandike mashine ikiwa kwenye chaja.

Vibandiko nivipange vipi?

Kaa kitini, mguu umenyooshwa kidogo. Osha goti kwa maji na sabuni, likauke. Lisiwe na mafuta, losheni wala dawa ya kuchua. Nywele ndefu zikate kwa mkasi. Wembe huacha michubuko isiyoonekana, na umeme ukipita hapo unachoma kama siafu.

Tumia vibandiko vinne vya sentimita 5 kwa 5. Viwili viwe juu ya pia ya goti, kimoja upande wa ndani na kimoja wa nje. Viwili vingine viwe chini ya pia, vilevile ndani na nje. Usibandike juu ya pia yenyewe. Kisha unganisha nyaya kwa kukatisha: waya wa kwanza uunganishe kibandiko cha juu-ndani na cha chini-nje, waya wa pili uunganishe cha juu-nje na cha chini-ndani. Kwa mpangilio huo umeme hukatisha katikati ya goti badala ya kupita pembeni tu. Vibandiko visigusane, acha angalau sentimita 3 kati yao.

Mashine ikiwa na waya mmoja wenye vibandiko viwili, weka kimoja ndani na kimoja nje ya goti, usawa wa pale panapouma zaidi.

Niweke namba ngapi?

Mashine za vitufe vya kuzungusha huwa na sehemu tatu zinazowachanganya watu. Palipoandikwa RATE ni idadi ya mapigo kwa sekunde: anza na 80 hadi 100 Hz. WIDTH ni urefu wa kila pigo: maikrosekunde 150 hadi 200 zinatosha kwa goti. MODE huwa na herufi. N au C ni mapigo yasiyokatika, M ni mapigo yanayobadilikabadilika, B ni mafungu ya mapigo. Anza na N au C. Baada ya wiki kadhaa, mwili ukizoea, badili uende M.

Nguvu ndiyo jambo kubwa. Hakikisha iko sifuri kabla ya kubandika, kisha iongeze taratibu mpaka uhisi msisimko mkali unaovumilika, bila maumivu na bila msuli kurukaruka. Kosa la kawaida kuliko yote ni kuacha msisimko ukiwa hafifu kwa kuogopa. Ukiwekwa chini hivyo, haufanyi kitu. Baada ya dakika 5 hadi 10 utahisi umefifia, ongeza kidogo. Kaa nayo dakika 30 hadi 60, na inaweza kurudiwa baadaye siku hiyohiyo mradi ngozi imepumzika.

Mpangilio wa pili ni mapigo machache, 2 hadi 4 kwa sekunde, kwa nguvu inayofanya msuli udunde waziwazi. Wengine huupenda kwa maumivu mazito ya usiku. Dakika 20 hadi 30 zinatosha, la sivyo msuli utauma kesho yake.

Inanichoma sehemu moja tu. Mbaya?

Zima kwanza. Karibu kila mara ukingo wa kibandiko umeachia. Umeme uliokuwa ukigawanyika kwenye eneo zima sasa unapita kwenye kipande kidogo, kwa hiyo unauma pale palipobaki kunata. Bandika upya au badilisha. Sababu nyingine ni losheni, mchubuko, au kibandiko kilichokauka katikati.

Wekundu mdogo unaopotea ndani ya saa moja ni wa kawaida. Ukibaki, ukiwasha au ukitoa vipele kwa umbo la kibandiko, ngozi yako haipatani na gundi ile.

Sisikii kitu upande mmoja.

Zima, hamisha waya wa upande mzima uende kwenye tundu la upande uliokufa. Ukifanya kazi, ule waya wa upande uliokufa ndio umekatika, na mara nyingi umekatikia ndani, karibu na ile pini ya kuchomeka. Usiponyanyua waya kwa kuuvuta bali kwa kushika kichwa chake, utakaa muda mrefu. Betri ya volti 9 ikiwa dhaifu huzorotesha pande zote mbili kwa pamoja. Mashine isipotumika wiki nzima, toa betri. Ikivuja inakula vyuma vya ndani.

Vibandiko havinati tena. Navinunua kila mwezi?

Kibandiko kizuri hutumika mara 20 hadi 30, kwenye joto la pwani pungufu ya hapo. Jasho na vumbi ndivyo vinavyokiua. Ukimaliza, kirudishe kwenye ile plastiki yake laini, upande ulio sahihi, kitie kwenye mfuko uliofungwa na ukiweke mahali pa baridi. Sehemu ya chini ya friji inafaa, friza haifai. Kikianza kukauka, gusa gundi kwa kidole chenye tone moja la maji, subiri dakika chache. Ujanja huo unafanya kazi mara mbili tatu, si milele.

Kuna vibandiko vya mpira mweusi visivyo na gundi, vinavyodumu miaka. Hivyo hupakwa jeli ya maji, ile ya kupimia wajawazito, kisha hushikiliwa kwa plasta. Mafuta ya mgando hayafai kabisa kwani hayapitishi umeme. Vibandiko vya kunata kila mtu awe na vyake, hata kama mashine ni ya familia.

Nikande kwa moto au kwa barafu?

Goti kavu, gumu, linalokakamaa asubuhi au baada ya kukaa kwenye basi refu: moto. Goti lililovimba, lenye joto baada ya kutembea sana: baridi. Zaidi ya hapo, chagua kinachokupa nafuu.

Kwa moto, taulo lililotiwa maji moto na kukamuliwa linatosha, likibadilishwa kila linapopoa, kwa dakika 15 hadi 20. Chupa ya mpira ijazwe theluthi mbili kwa maji ya moto yasiyochemka, ibanwe kutoa hewa kabla ya kufungwa, ivikwe kitambaa. Jaribu kwa ndani ya mkono kwanza. Ukiona ngozi ya goti inaanza kuwa na mistari ya kahawia kama wavu, unakanda kwa joto kali mno na mara nyingi mno.

Kwa baridi, ponda barafu, itie kwenye mfuko na maji kidogo, toa hewa, funga kwa kitambaa chembamba chenye unyevu. Dakika 10 hadi 15, na chungulia ngozi ikifika ya tano. Barafu inayoyeyuka haishuki chini ya nyuzi sifuri, lakini pakiti za jeli kutoka friza huwa baridi kuliko hapo. Zenyewe ndizo huunguza watu wanaoziweka moja kwa moja kwenye ngozi.

Usichanganye moto na dawa za kuchua zenye pilipili au mentoli. Jeli ya diklofenaki, ambayo miongozo inaikubali kwa goti, ipakwe baada ya kukanda ngozi ikishapoa.

Taa nyekundu je?

Ni njia nyingine tu ya joto. Iweke kama sentimita 50 kutoka kwenye goti, dakika 15 hadi 20, ngozi ikiwa haina mafuta. Usiitazame na usisinzie mbele yake.

Ndugu yangu wa Marekani atanitumia mkeka wa joto. Utafanya kazi huku?

Soma maandishi ya nyuma. Yakisema 120V peke yake, usiuchomeke: umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya 240, na kifaa cha joto cha volti 120 kitaungua mara moja, pengine pamoja na godoro. Chaja yenye maandishi 100–240V haina shida. Mashine za TENS za betri hazina shida yoyote.

Soksi ya goti: saizi gani, na nilale nayo?

Pima kwa futi ya fundi cherehani mzunguko wa goti katikati ya pia, mguu ukiwa umekunjwa kidogo, kisha mzunguko wa paja sentimita 15 juu yake. Linganisha na jedwali la pakiti hiyohiyo, kwa kuwa M ya kampuni moja ni L ya nyingine. Usiende kwa macho. Ikivaliwa, vidole viwili vipite ukingoni. Yenye tundu mbele, pia ya goti iwe katikati ya tundu.

Vaa ukitembea au kufanya kazi, vua ukilala. Miguu ikifa ganzi, ikibadilika rangi au kuvimba chini ya soksi, ni ndogo. Fua kwa mkono, anika kivulini. Jua hulegeza mpira.

Soksi hupasha joto na kukufanya uliamini goti. Haibebi uzito wako. Zile zenye vyuma vya pembeni vinavyohamisha mzigo kutoka upande uliosagika zinafaa zaidi, ila zinahitaji kupimwa na mtaalamu wa viungo bandia na vifaa tiba, si kununuliwa kwa picha.

Fimbo inashikwa mkono gani?

Mkono wa upande mzima. Goti la kulia likiuma, fimbo iko kushoto, na inakwenda mbele pamoja na mguu wa kulia. Filamu nyingi huonesha kinyume, na wazee wengi wanaiga kosa hilo.

Urefu: simama na viatu, mikono ikining'inia, mshikio ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Fimbo ya mti ikizidi, ikate. Tia raba ya chini, na ibadilishe mistari yake ikisawazika, hasa kama nyumba ina vigae. Kwenye ngazi, panda kwa mguu mzima kwanza, shuka kwa mguu mbovu kwanza.

Mashine ya kukanyagia miguu, bunduki ya masaji, sumaku?

Mashine ya kukanyagia, ile inayopitisha umeme kwenye nyayo, hutikisa zaidi vigimbi. Goti halipati kingi. Masharti ya usalama ni yaleyale ya TENS. Bunduki ya masaji itumie juu ya misuli ya paja, kasi ya chini, dakika moja au mbili kila sehemu. Usiielekeze kwenye pia wala nyuma ya goti, ambako mishipa mikubwa ya damu na neva hupita karibu na ngozi. Sumaku waachie wauzaji.

Mazoezi gani nifanye mashine ikiwa imewaka?

Matatu yanatosha kuanzia.

Kukaza paja: nyoosha mguu kitandani, weka taulo lililoviringwa chini ya goti, libonyeze kwa goti sekunde 5, legeza. Mara 10.

Kuinua mguu: lala chali, mguu mzima umekunjwa, unaouma umenyooka. Uinue kama sentimita 30, hesabu hadi 5, ushushe polepole. Mara 10.

Kukaa na kusimama: kiti imara cha sentimita 45 kilichoegemezwa ukutani. Simama bila kujisukuma kwa mikono, kaa polepole mpaka mwisho bila kujibwaga. Mara 8 hadi 10. Goti likiuma, ongeza mto juu ya kiti. Wiki zikipita, utoe. Hili ndilo lenye faida kubwa, na ndilo watu wanalolikwepa.

Fanya mizunguko miwili au mitatu, siku tatu au zaidi kwa wiki. Maumivu ya 4 kati ya 10 wakati wa zoezi yanakubalika, mradi kesho yake goti limerudi lilivyokuwa. Likiwa baya zaidi, punguza idadi badala ya kuacha. Na kwa mwenye uzito mkubwa, kila kilo inayotoka mwilini hupunguza kama kilo nne za mzigo kwenye goti kwa kila hatua.

Nitajuaje kama kifaa kinanisaidia au ninajidanganya?

Chagua kazi mbili zinazokushinda, kwa mfano kushuka ngazi za nyumbani na kutembea mpaka sokoni. Kwa wiki moja kabla ya kuanza, andika kila jioni maumivu kwa namba 0 hadi 10 kwa kila kazi. Kisha tumia kifaa kimoja tu, wiki nne, ukiandika vilevile. Ukianza vitatu kwa pamoja hutajua kipi kilifanya nini. Namba zisiposhuka angalau mbili, kiuze au mpe mwingine, vibandiko vikiwa vipya. Mazoezi yape wiki 12 kabla ya kuyahukumu.